Shilingi 187,000 na neno "imetolewa": kisa cha kikoba kimoja cha Dodoma

Kisa hiki nawaandikia wawezeshaji wenzangu wa vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na yeyote anayekaa na kikundi chenye watu wa dini zaidi ya moja. Majina sikuyaweka, mtaa nimeuficha, na viwango vya fedha nimevigusa kidogo bila kuvuruga hesabu. Nimekisoma mbele ya wanachama kabla ya kukitoa. Waliniambia nirekebishe sehemu mbili, nikarekebisha.

Usuli

Kikundi kilianza mwaka 2019 pembezoni mwa Jiji la Dodoma, kwenye moja ya mitaa iliyojaa haraka baada ya Serikali kuanza kuhamia huku mwaka 2016. Wanachama ni wanawake 24. Wamo Wagogo waliozaliwa papo hapo, wake wa watumishi waliofuata waume zao kutoka Dar es Salaam na Mbeya, mama lishe wanaopikia mafundi wa majengo, na Warangi waliotoka Kondoa. Waislamu ni wanane. Kwa anayeijua Dodoma hilo si ajabu. Ugogo una Waanglikana wa tangu enzi za wamisionari wa Mvumi na Kongwa, Kondoa ni ya Waislamu tangu zamani, na wote hao wanapanda basi moja na kununua mchicha soko moja la Majengo.

Taratibu ni zile za vikoba vingi. Hisa moja 2,000, na mwisho ni hisa tano kwa wiki. Mfuko wa jamii, wa kumsaidia mwenye shida, 500. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako, na riba ni asilimia 5 kwa mwezi. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu. Kikao ni Jumamosi saa kumi jioni, na Desemba sanduku linavunjwa, kila mtu anaondoka na hisa zake pamoja na faida. Kikundi kimesajiliwa kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo kwa miaka mitano sikuliona kuwa jambo. Kila kikao kilifunguliwa kwa "Bwana Yesu asifiwe" na sala ya Kikristo. Aliyewafundisha kufungua hivyo ni mimi, wiki ya kwanza kabisa. Wanawake wanane walikaa kimya wakati wa sala hiyo kila Jumamosi, na hakuna aliyewauliza lolote.

Kilichotokea

Sanduku lilipovunjwa Desemba 2024, wanawake watatu Waislamu walichukua hisa zao wakaacha faida. Hawakutangaza. Mkubwa wao, muuza maandazi ambaye mtaa mzima unamwita Bibi, alimwambia katibu kwa sauti ya chini kwamba faida ile imetokana na riba, dini yao haiwaruhusu kuila, basi iingie mfuko wa jamii imsaidie mwenye shida. Mmoja aliacha 71,000, wa pili 64,000, wa tatu 52,000. Jumla 187,000. Katibu alikuwa na watu wamempangia foleni wakitaka fedha za sikukuu. Akaandika kwenye daftari: "187,000 – imetolewa." Majina matatu aliyaweka pembeni bila maelezo, wala hakuandika imekwenda wapi.

Januari, dada mmoja mwenye saluni alikuwa anapekua daftari akitafuta deni lake, akakutana na mstari ule na majina matatu pembeni. Hakumuuliza katibu. Alimuuliza jirani. Baada ya wiki mbili ilikuwa inasemwa kwamba akina mama wa Kondoa wanatoa fedha za kikundi kupeleka msikitini. Mwezi wa pili fedha ile ile ilikuwa imeshavuka mpaka, imefika kwa wapiganaji wa Cabo Delgado, Msumbiji. Kwenye kundi la WhatsApp la kikoba ikaingia video ya mashambulizi ya kigaidi, haijulikani ya nchi gani, na chini yake maneno: "Tuwe makini na tunaokaa nao." Mwingine akaongeza kwamba Waislamu wanaongezeka Dodoma, akataja na asilimia. Takwimu hiyo haina pa kutoka, kwa sababu sensa ya mwisho kuuliza dini Tanzania ni ya mwaka 1967.

Hakuna aliyejibu kwenye kundi. Waislamu wanane waliisoma, wanne wakatoka kimyakimya.

Jumamosi ya tarehe 1 Machi 2025, Ramadhani ikiwa imefika, Bibi aliomba kikao kisogezwe asubuhi kwa mwezi ule. Jua la Dodoma wakati huo linazama karibu na saa moja jioni, na kikao cha saa kumi mara nyingi kinamalizika saa kumi na mbili, wakati futari haijabandikwa jikoni. Mama lishe mmoja akasema, "Kila kitu tuwabadilishie ninyi? Mwishowe mtatuvalisha ushungi." Watu kadhaa wakacheka. Mmoja wa wale watatu walioacha faida, fundi cherehani, akafunga kitabu chake, akambeba mwanawe mgongoni, akatoka. Hakurudi tena kikundini.

Usiku ule mwenyekiti alinipigia simu.

Maamuzi yangu, na kwa nini niliyafanya

La kwanza lilikuwa kuwaita shekhe na mchungaji wa mtaa. Niliona hili ni suala la dini, kwa hiyo wenye dini walimalize. Tarehe 8 Machi walikuja wote wawili, na walizungumza vizuri. Mchungaji alikumbusha kwamba Kwaresma imeanza Jumatano ya wiki ile ile, tunafunga pamoja. Shekhe alisema habari za haki ya jirani. Tukapiga makofi, tukanywa soda wasiofunga, tukaagana. Ile 187,000 haikutajwa na mtu yeyote, na kusema kweli hata mimi sikuwa na ujasiri wa kuitaja mbele ya wageni. Kesho yake nikaletewa maneno mapya: kama hakuna jambo, kwa nini wameleta shekhe?

La pili lilikuwa baya zaidi. Nilikwenda kwa Bibi nyumbani nikamwomba yeye na wenzake wasimame mbele ya kikundi waeleze Uislamu unasema nini kuhusu ugaidi, ili watu watulie. Alikuwa anakanda unga. Hakuacha kukanda. Akaniambia, "Mwanangu, nimeuza maandazi mtaa huu miaka kumi na minne. Watoto wa hao wanaoniogopa wamekua kwa maandazi yangu. Leo nijieleze kama mgeni aliyeshuka stendi jana?" Nilimwomba radhi na nikaondoka na aibu yangu. Nilikuwa nimemtwika mtuhumiwa kazi ya kuwasafisha waliomtuhumu, tena kwa kosa ambalo hakulitenda yeye, wala jirani yake, wala mtu yeyote anayemjua.

La tatu lilitokana na swali la mume wangu, ambaye ni mhasibu. Aliniuliza jambo moja tu: "Fedha yenyewe iko wapi?" Sikujua. Nilikuwa nimezunguka wiki mbili na amani na upendo wa majirani bila kufungua daftari.

Nikakubaliana na mwenyekiti tuitishe kikao cha tarehe 15 Machi chenye ajenda moja, kupitia hesabu za kuvunja sanduku, mstari kwa mstari, kwa sauti. Hakutakuwa na mgeni. Nikaomba sharti moja lingine, kwamba baada ya hesabu kila anayetaka kusema aseme alichokisema au kukisikia yeye mwenyewe, na neno "wao" tuliache nje. Sababu yangu ilikuwa nyepesi: uvumi ulizaliwa na mstari wa daftari, basi tuufuate hadi mstari ule.

Kikao cha daftari

Nakieleza kirefu kwa sababu hapa ndipo mambo yalipogeuka.

Wahesabu fedha wawili, Mkatoliki na Mwislamu, walikaa mkeka mmoja. Katibu alisoma. Alipofika kwenye "187,000 – imetolewa", alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapa niliandika vibaya mimi." Akaeleza jinsi Bibi alivyomwambia. Tukafungua daftari la mfuko wa jamii, na fedha ikaonekana imeingia siku ile ile, kiasi kile kile. Kisha matumizi: 120,000 zilitoka Januari kama rambirambi kwa mwanachama aliyefiwa na baba yake huko Mpwapwa. Zilizobaki, 67,000, zilikuwemo sandukuni. Zikahesabiwa mbele yetu.

Mfiwa yule ni Mgogo, Mwanglikana, na alikuwepo. Hakuwa amejua. Hakulia wala hakusema mengi. Alisema tu, "Nilisikia yale maneno nikanyamaza. Na fedha nilikuwa nimeshaila kwenye matanga."

Ukimya ule ulikuwa mrefu. Aliyeuvunja ni dada wa saluni. Alisema video aliituma yeye, na maneno ya chini yake ni yake. Hakuomba msamaha hapo. Alisema kaka yake alikuwa askari mkoani Pwani mwaka 2017, wakati wa mauaji ya Kibiti, na kwamba mwaka ule mzima mama yao hakulala akisubiri simu. "Tangu hapo nikiona kanzu naogopa. Najua si vizuri. Lakini ndivyo ilivyo."

Ningekuwa peke yangu ningemrukia na hotuba. Bibi alinitangulia. Alimwambia, "Mwanangu, hata sisi tuliogopa. Wale wenyeviti wa vijiji waliopigwa risasi kule, wengi walikuwa wanaswali kama mimi." Dada wa saluni akasema hilo hakuwahi kulifikiria. Wakaishia hapo. Hawakukumbatiana, na nashukuru hakuna aliyewalazimisha.

Mama lishe aliyesema habari za ushungi naye akazungumza, na hapa nilijifunza kitu. Alisema neno lake lilikuwa baya, analirudisha. Lakini hoja yake ilikuwa ya kweli: asubuhi ndiyo saa yake ya kupika, akija kikaoni saa tatu mafundi wanakosa chakula cha mchana na yeye anakosa mauzo. Wako watano wa namna hiyo. Tulikuwa tumelilaani tusi tukaizika na hoja iliyokuwa ndani yake. Tulipoijadili kama suala la saa, ilichukua dakika kumi tu. Mwezi wa Ramadhani kikao kiwe saa tisa alasiri, kisizidi muda wa saa moja na nusu, na kiwe na mapumziko ya swala.

Mazungumzo ya riba

Tarehe 22 Machi tuliingia kwenye kiini ambacho kila mtu alikuwa amekikwepa. Kwa nini mtu aache faida yake?

Mwanachama mmoja Mwislamu, mwalimu wa shule ya msingi, alieleza kwamba Kurani katika sura ya Al-Baqara, aya ya 275, inahalalisha biashara na kuharamisha riba. Papo hapo akasema, "Lakini mimi nakopa humu kwa riba, na Mungu wangu anajua. Msinifanye mfano wa Waislamu wote." Katika wanane, watatu hawakuwa wanagusa riba, wawili walikuwa wakisitasita, watatu walikopa kama wengine. Baadhi ya Wakristo walionekana kushangaa kweli. Walikuwa wamezoea kuwaona wanane hao kama kitu kimoja.

Mke wa mwinjilisti akafungua Biblia. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba maskini, na Nehemia sura ya 5 inawakemea wakubwa waliowatoza ndugu zao. Alisema amesoma sura ile mara nyingi bila kufikiria kikoba. Kisha mweka hazina akaleta jambo lililopunguza joto kuliko aya zote mbili. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, haina riba. Wengi wetu tumewahi kuipigania, na hakuna aliyewahi kusema ni sheria ya dini fulani.

Tukakubaliana kuwa na daftari la pili, la kijani, kwa anayetaka. Humo fedha haikopeshwi. Mwanachama anataja bidhaa anayoihitaji, wanunuzi wawili wa kikundi wanainunua taslimu, kisha wanamuuzia kwa bei iliyotajwa mapema, alipe kwa miezi mitatu. Dumu la mafuta la lita 20 tulilinunua 95,000, akauziwa 102,000. Akichelewa, bei haipandi.

Mama lishe akauliza swali zuri: "Hiyo 7,000 si riba iliyobadilishwa jina?" Mwalimu akamjibu kwamba tofauti iko kwenye nani anabeba hasara. Mpaka dumu likabidhiwe, ni mali ya kikundi. Jibu lile halikumridhisha sana siku ile. Juni, dumu moja lilipasuka kwenye bodaboda njiani kutoka sokoni, na hasara ikawa ya kikundi, mwanachama aliyeliagiza hakudaiwa hata senti. Siku hiyo ndiyo alielewa, na mwezi uliofuata akanunua unga kwa daftari la kijani.

Matokeo

Hadi sanduku lilipovunjwa Desemba 2025, daftari la kijani lilikuwa na wanachama sita: Waislamu wanne na Wakristo wawili. Wakristo hao walilipenda kwa sababu deni halikui. Faida yake ilikuwa ndogo. Hisa ya daftari la zamani ilizaa 520, ya kijani 310. Hakuna aliyedanganywa kuhusu hilo.

Sikukuu ya Idi, mwishoni mwa Machi, Bibi aliwaalika wote, wakaja saba. Dada wa saluni hakuja. Lakini aliifuta video na akaandika kundini kwamba habari aliyoitoa kuhusu fedha haikuwa kweli. Wanne waliokuwa wametoka kundini wakarudishwa.

Kikao sasa kinafunguliwa kwa dakika moja ya ukimya, kila mtu na sala yake. Hilo lilipendekezwa na Mkristo. Mwanachama mmoja alijitoa Mei akisema kikundi kimekuwa cha kidini, na tulishindwa kumshawishi kwamba kilikuwa cha kidini tangu 2019, kwa dini yake.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kuufuata uvumi hadi chimbuko lake linaloweza kuhesabiwa. Chuki dhidi ya Waislamu, kama nilivyoiona mimi, mara chache husema waziwazi "siwapendi". Huvaa nguo ya jambo la kawaida: hesabu, ratiba, usalama. Ukijibu nguo peke yake umeacha mwili, na ukijibu mwili peke yake, kama nilivyofanya na viongozi wa dini, watu wanaondoka na swali lao la fedha likiwa zima. Ilibidi tushike yote mawili, na kwa mpangilio huo: hesabu kwanza, maneno baadaye.

Sisemi shekhe na mchungaji hawafai. Walialikwa mahali pasipo pao. Uvumi haukuwa kati ya msikiti na kanisa, ulikuwa kati ya wanawake wanaojuana kwa majina ya watoto wao. Kuwaleta viongozi kuliwageuza wanawake wale kuwa wajumbe wa kambi mbili, na kikao kikafanana na ile mihadhara ya kulinganisha dini ambayo wengi wetu tunaikumbuka, kila upande ukisikiliza kama aliyetumwa na upande wake.

Sharti la kuacha neno "wao" nililiweka bila kujua uzito wake. Ndilo lililomfanya dada wa saluni aseme hofu yake badala ya kusema tabia za Waislamu. Hofu ya mtu inaweza kujibiwa na Bibi. Maneno juu ya Waislamu wote duniani hakuna mtu mtaani anayeweza kuyajibu, na si haki kumtaka ayajibu.

Kuna kosa la kiutaratibu ambalo ni letu wawezeshaji. Fomu zetu za mafunzo hazina mahali pa mwanachama anayekataa faida, kwa hiyo katibu hakuwa na neno la kuandika. Sasa nafundisha vikundi vyangu vyote kuandika mambo matatu kwa kila fedha inayosogea: imetoka kwa nani, imeingia wapi, kwa ombi la nani. Na nauliza siku ya kwanza, kabla ya katiba kuandikwa, kama kuna asiyetaka riba.

Kosa ninalolijutia zaidi ni la fundi cherehani. Machi yote nilishughulika na waliobaki, wenye kelele na wenye hofu, kwa sababu walikuwa mbele yangu. Nilikwenda kwake Mei. Alinipokea vizuri, akanipa kigoda na maji. Nilipoanza kumsimulia kikao cha daftari, akaniuliza, "Hayo yote yalikuwa Machi?" Nikasema ndiyo. "Na mimi nyumbani hapa nipo tangu Machi." Sikuwa na la kujibu.

Hisa zake alikuwa ameshatuma mdogo wake azichukue. Amejiunga na kikoba kingine mtaa wa pili, cha wanawake wa Kondoa pekee, nao wanakutana Jumamosi. Ana tangi la lita 2,000 uani, na maji yakikatika mtaani, wanachama wawili wa kikundi chetu bado wanakwenda kwake na ndoo. Anawauzia kwa bei ile ile ya zamani. Habari za kikoba hawaziongelei.